Nyumba Isiyomtegemea Mtu Mmoja

Ukitaka kujua kama nyumba yako imepangika, usianze na kabati wala sakafu. Jiulize hivi: kesho nikiitwa Dar es Salaam kikazi, nikakaa huko siku tatu, nani hapa nyumbani anajua gesi imebaki kiasi gani, kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi, na zamu yetu ya maji ni siku gani? Kama jibu la yote matatu ni "mama ndiye anajua", basi nyumba hiyo haijapangika hata kama inang'aa. Imebebwa na kichwa cha mtu mmoja, na kichwa hicho kinachoka.

Sisi wa Dodoma swali hili linatugusa kwelikweli. Tangu treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, ianze safari za huku mwaka 2024, mtu anapigiwa simu jioni kuhusu kikao, alfajiri yuko stesheni, na kabla ya saa nne kupita ameshafika Dar. Zamani safari ya basi ilikupa siku nzima ya kujiandaa na kuacha maagizo. Sasa unaondoka watoto wamelala. Na majirani zangu wengi hapa Nkuhungu walihamia kufuata ofisi za Serikali baada ya 2016, wakaacha mashangazi na wakwe Dar, Tanga na Moshi. Hawana mtu wa kumwambia "nenda kaniangalizie nyumba". Kwa hiyo nyumba yenyewe lazima ijue kujiendesha.

Kazi yangu ni utunzaji wa kumbukumbu. Nakaa masijala. Barua ikiingia inapigwa muhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba ya folio, inafungwa kwenye jalada lake. Jalada likitoka kwenda kwa afisa, linaandikwa limekwenda kwa nani na lini. Hakuna anayejisifu kwamba ana kumbukumbu nzuri, kwa sababu mfumo mzima umejengwa kwa mtu atakayekuja baada yako, ambaye hakujui na hawezi kukupigia simu. Mtumishi akihama leo, kesho mgeni anakaa kwenye kiti chake na kazi inaendelea. Nilipoolewa na kuanza kuendesha nyumba, niliona ajabu jinsi watu walewale wanaofanya kazi hivyo ofisini wanavyorudi nyumbani na kuishi kwa kuulizana: "Risiti uliiweka wapi?" "Ile karatasi ya shule umeiona?"

Nianze na karatasi, maana ndizo zinazotesa watu siku mbaya zaidi. Siku ya kuhitaji cheti cha kuzaliwa huwa si siku ya utulivu. Ni siku ya mwisho ya kuandikisha mtoto shule, au siku ya msiba, au siku ya hospitali. Kwangu nimeweka faili moja la kufunga kwa kamba, la kawaida tu, na ndani bahasha moja kwa kila mtu wa nyumba. Bahasha ya mtoto ina cheti cha kuzaliwa cha RITA, kadi ya kliniki, kadi ya bima na ripoti za shule. Ya mtu mzima ina nakala ya kitambulisho cha Taifa, vyeti vya masomo na cheti cha ndoa. Bahasha ya mwisho ni ya nyumba yenyewe: hati ya kiwanja, kibali cha ujenzi, risiti za kodi ya pango la ardhi, namba ya mita ya umeme na ya maji. Nje ya kila bahasha imebandikwa karatasi inayotaja kilichomo. Kitu kikitoka, anayekitoa anaandika jina lake na tarehe kwenye karatasi hiyo. Hata mume wangu anaandika. Hata mimi.

Wakazi wa zamani wa mji huu wanaelewa thamani ya jambo hili kuliko mtu yeyote. CDA, mamlaka iliyopewa kuustawisha mji wa Dodoma, iliundwa mwaka 1973 na ikavunjwa 2017, na kazi zake zikahamia halmashauri. Ofisi iliyokupa karatasi inaweza kuondoka na karatasi ikabaki na kazi yake. Aliyekuwa na stakabadhi zake za miaka ya themanini kwenye mfuko mmoja alizitoa, akafanyiwa kazi yake. Ambaye hakuwa nazo ilibidi aanze kutafuta mashahidi.

Jambo lingine kuhusu karatasi: namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo zinazobaki kukaririwa ni 12 tu. Ziandike nyuma ya mlango wa kabati lako, si kwenye simu peke yake. Simu huibiwa, simu huanguka majini, na siku ya kurudisha laini yako iliyopotea jambo la kwanza utakaloulizwa ni namba hiyohiyo iliyokuwa ndani ya simu iliyopotea.

Sasa maji. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa sana, kwa sababu Dodoma mpangilio wa nyumba unaanzia kwenye maji na bila maji mengine yote ni maneno.

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mvua yenyewe kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600. Miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi. Mji nao umekua haraka, na mitaa mingi maji ni ya zamu. Watu wanaishi na tanki, na wanaishi na tanki bila kulijua. Wanajua ni la lita ngapi, lakini hawajui linakaa siku ngapi, na hizo ni habari mbili tofauti. Piga hesabu: familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 30 kwa siku kwa kuoga, kupika, kuosha vyombo na choo, inamaliza lita 180. Tanki la lita 1,000 linakupeleka siku tano na kidogo. Ongeza siku moja ya kufua, na kufua kwa familia kunakula lita 100 kirahisi, ukawa na siku tano kamili bila akiba. Kama zamu yenu ya maji ni mara moja kwa wiki, umeshajua tatizo kabla halijafika: ama ununue tanki la pili, ama mpunguze hadi lita 20 kila mmoja, ama kufua kuwe siku ileile maji yanapotoka, na maji ya kufulia yasiguse tanki kabisa. Sisi tulichagua hilo la tatu, na limebadilisha wiki yetu nzima. Siku ya maji ndiyo siku ya kufua, ya kuosha mapipa, ya kupiga deki nyumba nzima. Siku nyingine hakuna anayefua zaidi ya nguo za ndani na soksi za shule.

Kujua maji yaliyobaki kwenye tanki jeusi hakuhitaji kifaa cha kununua. Saa tisa alasiri, jua likiwa limeshalipiga, weka kiganja juu kabisa ubavuni mwa tanki kisha kishushe taratibu. Sehemu tupu inachoma. Ukifika yalipo maji, plastiki inapoa ghafla chini ya mkono, na mpaka wake unauona wazi kama mstari. Mtoto wangu wa mwisho ndiye mwenye kazi hiyo. Amechora alama nne kwa chokaa ubavuni mwa tanki, na akitoka shule anashika tanki, anakuja kuandika kwenye kalenda ya ukutani jikoni: tatu, mbili na nusu, mbili. Ikifika moja kabla ya siku ya zamu, nyumba nzima inajua bila mkutano: kuoga ni kwa kopo, na maji ya suuza ya mwisho yanakwenda chooni. Hakuna anayegombezwa. Namba iko ukutani, inasema yenyewe.

Halafu kuna maji ya mbinguni, ambayo watu wengi wenye mabati mazuri wanayaacha yapite. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Hesabu haina ugumu wowote. Paa la mita za mraba 60, mvua moja nzuri ya milimita 20, ni lita 1,200. Toa zinazomwagika na kurukia nje, bado tanki limejaa kwa mvua ya jioni moja. Kinachowazuia watu si fedha ya mifereji, ni kwamba wanaanza kuifikiria Januari ikiwa tayari inanyesha na fundi ana wateja kumi. Mifereji ya paa husafishwa Novemba. Majani na vumbi la miezi saba viko humo, na wakati mwingine kiota cha ndege. Mvua ya kwanza kabisa achia bomba limwage nje, ioshe paa. Kuanzia ya pili elekeza kwenye tanki. Na kwa sisi ambao maji ya visima vyetu yana chumvi, maji ya mvua yana faida ya ziada: sabuni inatoa povu haraka, na maharage yanaiva upesi. Mama anayepika maharage kwa maji ya chumvi anapoteza mkaa au gesi bila kujua sababu. Mimi nina ndoo mbili zenye mifuniko ambazo hazitumiki kwa kitu kingine isipokuwa maharage na chai, msimu mzima wa mvua.

Habari ya maharage inanileta kwa bibi yangu mzaa mama, wa Mvumi, ambaye kila nikifikiria utaratibu wa nyumba namfikiria yeye. Wagogo wameishi kwenye nchi hii yenye mvua moja kwa vizazi, na wameishi kwa kuandaa mapema. Uwele na mtama ni mazao yanayovumilia ukame, na ghala lilikuwa ndani ya tembe, karibu na wanapolala watu. Machi mlenda ukiwa umejaa kila mahali, na majani ya kunde na ya maboga yamesitawi, bibi alikuwa anachuma kupita kiasi. Nikiwa mtoto nilimuuliza, "Bibi, mbona unazianika zote, leo tutakula nini?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Leo zipo tele shambani, mama. Hizi ni za Oktoba." Aliyaanika, akageuza, yakikauka akayasugua kwa viganja hadi yakawa laini, kisha akayaweka kwenye chombo chenye mfuniko. Oktoba mboga za majani sokoni zikiwa chache na bei imepanda, yeye alikuwa anakoroga mlenda mkavu na karanga, ugali wa uwele pembeni. Hakuwa na friji. Alikuwa na tarehe kichwani na chombo kikavu.

Mimi nina friji, lakini kanuni ni ileile, na naifuata kwa vitu vichache tu. Maharage yanalowekwa Ijumaa usiku, yanachemshwa Jumamosi yote kwa pamoja, yanagawanywa kwenye vikopo vya chakula cha siku moja na kugandishwa. Siku ya kazi unaunga tu, dakika 15 chakula kiko mezani. Kitunguu saumu na tangawizi vinasagwa pamoja mara moja, vinakaa kwenye chupa na mafuta kidogo juu, ndani ya friji. Mimi sitengenezi zaidi ya vya siku chache, havipaswi kukaa muda mrefu. Nyama inakatwa siku ya kununuliwa, si siku ya kupikwa. Sitakuelekeza kupika chakula cha wiki nzima Jumapili na kukipanga kwenye makopo yenye majina ya siku. Wapo wanaoweza. Kwangu naona inageuza Jumapili kuwa siku ya kazi, na watoto wanachoka kula chakula cha juzi.

Nafaka ndiyo inayotaka umakini zaidi, kwa sababu ndiko fedha nyingi inakolala. Watu wengi hapa wananunua magunia Kibaigwa au vijijini baada ya mavuno bei ikiwa chini, na hilo ni jambo la busara, ila busara hiyo inaliwa na dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka. Kabla ya kuhifadhi, hakikisha mahindi yamekauka. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo, ongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa kwa dakika moja kisha iache itulie. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu; yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, hifadhi. Na tumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani ya kiroba. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza oksijeni na kufa, bila dawa yoyote kugusa chakula cha watoto. Sharti ni moja, usiufungue ovyo. Ndiyo maana ni afadhali mifuko kadhaa kuliko kushindilia yote kwenye pipa moja kubwa linalofunuliwa kila siku mbili. Nje ya kila mfuko andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyoufunga.

Kuandika tarehe juu ya kitu ndiyo tabia ndogo kuliko zote ninazozijua, na ndiyo inayolipa kuliko zote. Mtungi wa gesi ukifungwa, bandika kipande cha plasta na uandike tarehe. Baada ya mitungi michache utajua mtungi wa kilo 15 unakaa wiki ngapi nyumbani kwako, hutashtukizwa tena na moto unaofifia ugali ukiwa nusu. Andika tarehe kwenye betri ya saa ya ukutani, kwenye dawa ya maji ya watoto ilipofunguliwa, kwenye chandarua kilipotundikwa. Kalamu ya wino mzito na plasta vikae jikoni, vimefungwa kwa uzi kwenye msumari. Vikihamia chumbani tabia inakufa.

Kuhusu asubuhi sina mengi. Jua letu linachomoza kati ya kama saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 mwaka mzima. Hatuna majira ya baridi yenye giza la saa tatu asubuhi kama nchi za kaskazini. Ukiamka kwa wakati mmoja mwili unazoea na mwanga unakusaidia. Yote mengine ya asubuhi ni ya jioni: sare zimepigwa pasi, viatu vimepigwa kiwi, daftari zimo begini, na begi liko mlangoni. Anayesema asubuhi yake ni vurugu aiangalie saa mbili usiku wake.

Vumbi, basi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa hapa haukuachi, na mtu anaweza kufagia mchana kutwa asimalize. Viatu vinaishia barazani, kila mtu na kandambili zake za ndani. Madirisha ya upande wa upepo yanafunguliwa alfajiri wakati hewa imetulia na kufungwa kabla ya saa nne. Vumbi linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu, kutoka juu kwenda chini, kufagia kunakuja mwisho. Kufagia kwanza halafu kufuta meza ni kufanya kazi mara mbili.

Fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishamaliza. Daftari letu ni la kaunta, liko juu ya friji, na anayetoa fedha ya nyumba ndiye anayeandika: mimi, mume wangu, binti anayetusaidia kazi, hata mtoto aliyetumwa dukani. Kila Jumapili jioni tunajumlisha pamoja. Jambo la kwanza daftari lilituonyesha ni makato ya kutuma na kutoa fedha kwenye simu. Mtu anatoa elfu tano, kesho elfu kumi, keshokutwa elfu tano, na kila mara anakatwa. Sasa tunatoa fedha ya soko ya wiki nzima mara moja, inagawanywa kwenye bahasha: soko, nauli, shule, dharura. Fedha ya kikoba haiingii kwenye bahasha yoyote, inatoka siku mshahara unapoingia.

Umeme nao unataka jicho. Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, kwa hiyo ukinunua umeme mara ya kwanza kwa mwezi utapata uniti pungufu kuliko ulivyotegemea. Hakuna aliyekuibia. Nunua mara moja, mwanzoni mwa mwezi, uandike uniti ulizopata na tarehe, kisha soma mita kila Jumapili. Ambao wako kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, wana sababu kubwa zaidi ya kusoma mita, maana bei baada ya hapo ni nyingine kabisa. Pasi ya nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja inakula umeme kidogo kuliko kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja.

Haya yote nimeyasema kana kwamba yanajiendesha. Hayajiendeshi. Yanaendeshwa na watu, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama: mama anaweka utaratibu mzuri, halafu yeye peke yake ndiye anayeutekeleza na kuwakumbusha wengine wautekeleze. Hapo kazi haikupungua, imeongezeka. Mtoto anayekumbushwa kila siku ashike tanki hana kazi ya tanki, mama ndiye mwenye kazi hiyo. Ninachokiamini sana ni kumpa mtu jambo zima, kuanzia kuliona hadi kulimaliza, na kumwacha nalo. Mume wangu ana gesi. Si kubeba mtungi tu akiambiwa umeisha. Ana tarehe, ana fedha yake ndani ya bahasha, ana namba ya muuzaji. Mimi sijui mtungi wetu uko kwenye wiki ya ngapi, na sitaki kujua. Mtoto mkubwa ana viatu na sare zake na za mdogo wake. Binti anayetusaidia ana stoo, yeye ndiye anayesema sukari itaisha Alhamisi, na akisema tunamsikiliza, kwa sababu daftari la stoo analiandika mwenyewe. Yeye naye ana siku yake ya kupumzika iliyoandikwa kwenye kalenda ileile ya jikoni kwa kalamu nyekundu, na haihamishwi kwa sababu ya wageni. Nyumba inayojipanga juu ya mgongo wa binti asiyepumzika siihesabu kuwa imepangika.

Miezi ya mwanzo ya kugawa kazi hivi inataka uvumilivu. Vitu vitasahauliwa. Siku moja shati litavaliwa bila pasi, na litavaliwa hivyohivyo hadi shule. Ukiingilia, umeirudisha kazi kichwani mwako.

Wageni wetu wanakuja wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, ambapo nyumba za wageni mjini zinajaa na kila mtu ana ndugu mwenye shughuli Dodoma. Kwa ajili yao kuna mfuko mmoja wenye mashuka mawili, chandarua, taulo na sabuni mpya, na mfuko huo ni wa mtoto mkubwa. Mgeni akipiga hodi saa tatu usiku hakuna anayeulizana chandarua kiko wapi.

Mwaka huu kilichobaki kwetu ni upande wa jikoni, ambao hatujawahi kuufungia mifereji, na hilo paa peke yake ni mita za mraba 25 zinazomwaga maji bure kwenye ua wa jirani. Fundi nimeshamlipa kianzio sasa hivi, kiangazi, wakati hana foleni. Anakuja wiki ya kwanza ya Novemba, na mume wangu ndiye atakayekuwepo nyumbani, kwa sababu ngazi, misumari na fundi ni vyake.